Sahani Zinazorudi na Nyama

Kazi yangu ni kuosha vyombo, kwa hiyo wageni siwajui kwa sura, nawajua kwa sahani. Sinki yangu iko nyuma ya ukuta, na kwenye ukuta huo kuna kidirisha kinachotosha trei moja. Wahudumu wanasukuma vyombo vichafu kutoka ukumbini, mimi navipokea upande wa pili. Sijawahi kumwona mgeni akitafuna, lakini naweza kukuambia nani haelewani na vitunguu, nani amefuta mchuzi kwa mkate mpaka sahani ikabaki kama imeshaoshwa, na nani alikuja kupiga picha tu.

Wakati wa mambo haya mgahawa ulikuwa bado mchanga, haujatimiza mwezi. Ulifunguliwa katikati ya mji, ghorofa ya chini, mahali palipokuwa duka la vitambaa. Bosi wetu alifanya kazi Ufaransa miaka mingi. Alianza kwa kumenya viazi, akamaliza kwa kusimamia ukumbi. Aliporudi alisema anataka kitu kimoja tu, bistro. Tukamuuliza bistro ni nini, akasema ni mgahawa mdogo ambao chakula chake hakina haraka. Akapaka milango rangi ya kijani, akatandika vitambaa vyeupe mezani, akatundika ubao mweusi wa kuandikia vyakula vya siku kwa chaki. Watu wakaanza kuja. Wengine walivaa kama wanakwenda kuozesha mtoto.

Mpishi mkuu ni mama yangu mdogo. Ndiye aliyenilea tangu nikiwa darasa la pili, na nilipomaliza la saba ikawa basi, ndiye aliyenifundisha kushika kisu, kupima chumvi kwa vidole na kunyamaza jikoni. Miaka kumi na minane alipika kwenye nyumba ya familia moja ya Kifaransa. Mama mwenye nyumba alimfundisha supu ya vitunguu yenye mkate na jibini juu, na nyama ya ng'ombe inayokaa motoni asubuhi nzima pamoja na divai nyekundu na karoti. Familia ile ilipohama ilimwachia sufuria ya chuma, nzito, yenye mfuniko wa kunyanyua kwa mikono miwili. Siku ya kwanza ya kazi alikuja nayo ameikumbatia kifuani kama mtoto mwenye homa.

Bosi aliiandika ile nyama juu kabisa ya ubao. Na hiyo nyama ndiyo iliyokuwa inarudi.

Jumatatu ya wiki ya tatu Bosi aliingia jikoni wageni wa mchana wamekwisha. Mkononi alishika sahani.

"Mama, mimi nakuheshimu," alianza.

Mtu akianza hivyo ujue kuna jambo. Mama mdogo aliweka upawa chini.

"Nyama inarudi nusu. Nimekaa kimya wiki mbili, nikasema labda watu bado wanazoea. Supu wanamaliza. Kitindamlo wanamaliza. Nyama wanaacha. Na Mama, nyama ndiyo mgahawa wenyewe."

"Labda ninapakua nyingi."

"Nyingi wapi? Kipande chenyewe hakizidi kiganja." Alitazama sahani, si uso wake. "Kuna mpishi mmoja wa hotelini nimeongea naye. Jumatatu ijayo atakuja kuliona jiko. Mpaka Jumamosi kama nyama inaendelea kurudi hivi, itabidi nimpe yeye. Wewe sitakutupa, nitakutafutia kitu. Kukata mboga, kitu kama hicho."

"Sawa, Bosi," alisema Mama mdogo.

Bosi alipotoka, Mama mdogo alichukua kijiko, akachota mchuzi, akaonja amefumba macho. Akanipa na mimi.

"Onja, mwanangu."

Nikaonja. Nyama iliyeyuka ulimini, karoti tamu, na ile ladha ya divai iliyochemka mpaka ikasahau ukali wake.

"Iko vilevile," nikasema.

"Usinidanganye."

"Mama mdogo, iko vilevile kabisa."

"Basi hiyo vilevile ndiyo wasiyoitaka."

Kuanzia hapo akaanza kuihangaikia. Jumanne alipunguza divai akaongeza pilipili manga. Jumatano akatia asali. Alhamisi akatia haradali, akajuta, akatia asali tena juu yake. Mchuzi ukawa haujui unaelekea wapi. Mwanamke aliyekuwa akipika huku anaimba chini chini sasa alikuwa anapika huku anajibishana na sufuria. Nyumbani haongei, nikimwandalia chai inapoa mbele yake.

Mimi si mwepesi wa kusema. Nikiona kitu, napenda nikione mara nyingi kwanza. Na kule kwenye sinki nilikuwa nimeona jambo lililonikaa kichwani.

Chakula kisichopendwa kina namna yake ya kurudi. Kinasukumwa ukingoni, kinafichwa chini ya jani la saladi, kinatafunwa kikatemwa kwenye kitambaa. Hii nyama haikuwa hivyo. Ilirudi imekatwa vizuri. Mara nyingine kipande kilikuwa kimeshachomwa na uma, kiazi kimepakwa juu yake, mchuzi umeshavutwa karibu. Sasa mtu gani anachoma kipande, anakipaka kiazi, halafu ndipo anakumbuka kwamba hakipendi?

Kulikuwa na jambo lingine, la kaunta. Pale karibu na mlango kuna kaunta ndefu ya kahawa, na anayekula peke yake anakaa hapo kwenye kiti kirefu, hakuna kitambaa cheupe wala nini. Sahani za kaunta nilizijua kwa kuwa zinaletwa na dada wa kahawa mwenyewe, anazigonga kidirishani kwa kucha mara mbili. Hizo zilirudi safi. Na sufuria ni ile ile moja.

Nikamwambia Mama mdogo. Akanijibu bila kugeuka.

"Wa kaunta ni makarani, wanakuja na njaa ya kweli. Wale ukiwapa ubao wenyewe wataula, na chaki yake."

Ningependa kwenda ukumbini nikaone kwa macho, lakini sikuruhusiwa. Msimamizi wa wahudumu tunamwita Kanali, kwa sababu anatembea kama anakagua gwaride. Bosi alimpa kitabu kinene cha kazi hiyo kabla hatujafungua, akakikariri chote, na wahudumu akawafundisha siku tatu mfululizo milango imefungwa. Mimi aliniambia jambo moja tu.

"Binti wa sinki, wewe mgeni asikuone. Mgeni anataka kuamini kwamba sahani zinajiosha."

Kwa bahati Bosi alikuwa na utaratibu wake. Kila mfanyakazi, hata anayefagia, lazima akae mezani mara moja na ndugu yake mmoja, ahudumiwe kama mgeni, kuanzia supu mpaka kahawa. Alisema huwezi kuuza usichokijua. Wenzangu wote wa ukumbini walikuwa wamekula. Zamu yangu Kanali aliiahirisha mara mbili kwa kuwa sinki haiwezi kubaki peke yake. Ijumaa Bosi akasema kesho nikale mimi.

"Na vyombo?" Kanali akauliza.

"Vyombo nitaosha mwenyewe," alisema Bosi. "Kesho nataka nizione hizo sahani kwa macho yangu, moja moja."

Jioni ile nilimkuta Mama mdogo amepiga magoti stoo, anakung'uta gunia la viazi lililokwisha.

"La nini?"

"La kubebea sufuria yangu. Kesho nitarudi nayo nyumbani. Huyo wa hotelini ana sufuria zake."

"Kesho namleta Bibi," nikasema. Bibi ndiye mama yake mzazi. "Hajawahi kula chakula chako cha kazini. Mpikie kama ulivyokuwa unapika. Usitie asali."

Alilikunja gunia polepole, akalikunja tena.

"Haya. Kama ni kufukuzwa, bora nifukuzwe na chakula changu."

Jumamosi saa saba mchana niliingia mgahawani kwa mlango wa mbele, mara ya kwanza katika maisha yangu. Nilivaa gauni la bluu la Mama mdogo. Bibi alivaa viatu vyake vya kuendea harusi za watu, akaning'inia mkononi kwangu. Bibi ana meno ya bandia ya juu, mapya, yeye na hayo meno bado hawajazoeana. Kuhusu mpishi wa hotelini sikumwambia kitu.

"Mke mwenza," aliniambia, maana ndivyo anavyoniita tangu babu yuko hai, "yaani binti yangu mimi anapika, halafu mimi naletewa na mwanaume mwenye tai, halafu namshukuru huyo mwanaume?"

"Ndiyo utaratibu, Bibi."

"Utaratibu wa kujichelewesha."

Kanali alitukaribisha kwa meno yaliyofungana. Alimvutia Bibi kiti nyuma kama kitabu kinavyosema, na Bibi akaruka pembeni.

"Baba! Unasogeza kiti mtu anakaa? Unataka kiuno changu?"

Watu wa meza ya jirani wakacheka kidogo, Kanali akaona haya. Akasukuma kiti taratibu mpaka Bibi akakaa, na Bibi akamwambia, "Sasa hivyo ndivyo. Ungesema mapema."

Nilikaa nikatazama. Sikujua kama ukumbi wetu ni mzuri hivi. Mwanga wa barabarani uliingia kwa vile vioo virefu, ukalala juu ya vitambaa vyeupe. Kila kitu mezani kilikuwa kimenyooka: kisu kulia, uma kushoto, glasi kwenye pembe yake. Unaona haya hata kuweka kiwiko.

Ilikuja supu, Bibi akaimaliza, akavuta ile jibini kwa kijiko mpaka ikawa kama uzi, akanionyesha. Bakuli lilipokuwa tupu, mhudumu mrefu aliondoa bila sauti. Kisha ikaja nyama.

Niliijua kwa harufu kabla haijafika. Ilikuwa ile ya zamani. Mama mdogo hakutia asali.

Bibi alikata kipande, akatafuna polepole, akanyamaza. Ukimwona Bibi amenyamaza ujue ameguswa. Akala cha pili. Akala cha tatu.

"Huyu mtoto," alisema mwishowe, "nilimkataza kwenda kupika kwa watu. Nilimwambia atazeeka na moshi wa wengine. Kumbe alikuwa anajifunza hiki."

Akataka kuendelea kusema, lakini meno yakamteleza. Akaweka kisu na uma kwenye sahani, vimelala pamoja, vimenyooka kama alivyovikuta, maana Bibi akikuta kitu kimepangwa hukirudisha kimepangwa. Akajifunika mdomo kwa kitambaa, akageukia ukutani kujirekebisha.

Alipogeuka tena, mbele yake kulikuwa na kitambaa cheupe kitupu.

Bibi alikitazama. Akanyanyua ukingo wake akachungulia chini ya meza.

"Iko wapi?"

"Nini?"

"Nyama yangu. Ilikuwa hapa."

Niliinua macho nikamwona yule mhudumu mrefu mgongo, anaelekea kwenye kidirisha, sahani ya Bibi mkononi. Mama wa meza ya jirani aliinama kuelekea kwetu. Alikuwa mtu mzima, mwenye mkufu mzuri.

"Mama, hapa ndivyo wanavyofanya," alimnong'oneza Bibi. "Ukipumua tu, wanachukua. Siku ya kwanza nilikula matonge mawili, nikasema labda Wafaransa wanaonja tu. Nikaona aibu kuuliza. Leo nimekuja nimejipanga, siachii."

Na kweli alikuwa hajaachia. Alishika kisu mkono mmoja na uma mkono mwingine, vyote wima kama mishumaa, na alikuwa akiongea nasi hivyo hivyo. Mumewe mbele yake alikuwa ameinamia sahani, anakula mbio mbio bila kuinua kichwa.

"Na ni kitamu," alisema yule mama kwa huzuni. "Ndicho kinachouma."

Nilitaka kuinuka, lakini nikajiambia, kwanza nione tena.

Sahani yangu ilikuwa bado na nusu. Niliweka kisu na uma pamoja, sambamba, kama Bibi alivyofanya, nikaweka mikono mapajani. Sikumaliza kuhesabu kumi. Mhudumu mrefu alikuja kutoka upande wa pili wa ukumbi, hakunitazama usoni, alitazama uma. Akanyoosha mkono.

"Bado, kaka," nikasema.

Akashtuka, akaomba radhi, akaondoka. Nikachukua uma nikauweka kushoto, kisu kulia, vimeachana kama watu waliogombana. Nikangoja. Alipita mara tatu hakuniona kabisa. Nikavilaza pamoja tena. Akaja.

"Kaka," nikamwambia, "nani amekuambia nimemaliza?"

"Si wewe? Umevilaza pamoja." Alinishangaa kama nimemuuliza jina langu mwenyewe. "Hiyo ndiyo alama. Vikiachana mgeni bado anakula, vikilala pamoja amemaliza. Kanali alitufundisha. Na tusiulize, kumuuliza mgeni ni kumwaibisha."

"Na wageni nani aliwafundisha?"

Mhudumu akatazama meza zake, moja baada ya nyingine. Pale kwenye meza ya dirishani, bwana mmoja alikuwa ndiyo kwanza ameviweka kisu na uma pamoja, vizuri kabisa, ili ampigie mkewe stori kwa mikono miwili. Na mhudumu wa pili alikuwa ameshafika.

Niliinuka. Kanali aliniwahi kwenye mlango wa jikoni.

"Mgeni hasimami katikati ya chakula."

"Samahani, mkubwa. Naomba tuingie wote. Ni dakika moja."

"Rudi ukae. Umeniletea bibi wa vituko, sasa na wewe..."

"Mkubwa, ni kuhusu nyama."

Labda ni kwa kuwa sijawahi kumwomba kitu. Akasukuma mlango.

Bosi alikuwa kwenye sinki yangu, amefunga aproni yangu iliyomfika katikati ya tumbo, povu mpaka viwikoni. Mkononi alishika sahani ya Bibi, ile ile, na nyama karibu nzima. Hakuwa na hasira, alikuwa na huruma, na huruma ni mbaya zaidi. Alikuwa akimwonyesha Mama mdogo, aliyekaa juu ya kreti la vitunguu na gunia lake mapajani.

"Mama, sisemi kwa ubaya," alikuwa anasema. "Lakini tazama. Hata mama yako mzazi ameacha."

Mama mdogo alikuwa analinyoosha lile gunia kwa kiganja kama anapiga pasi.

"Hajaacha," nikasema. "Amenyang'anywa."

Wote wakageuka. Sauti yangu ilikuwa ndogo, lakini jikoni palikuwa kimya. Na kana kwamba tulipanga, ukumbini sauti ya Bibi ikapanda juu ya zote.

"Jamani, mwenye hoteli yuko wapi? Nimekuja kwa mwanangu kula, mnanipokonya tonge kama mwizi! Nirudishieni nyama yangu!"

Nikawaeleza. Nilieleza polepole, kitu kimoja kimoja, kama nilivyokiona: sahani zilizorudi na kipande kwenye uma, uma uliolala na uma ulioachana, yule mama mwenye mkufu na mishumaa yake. Na nilipokuwa naeleza ndipo likanijia la kaunta. Dada wa kahawa hakuwepo kwenye zile siku tatu za mafunzo, aliajiriwa baadaye. Yeye anauliza kwa mdomo tu, umemaliza, dada yangu? Ndiyo maana za kwake zinarudi safi.

"Wageni wanaona kila kitu mezani kimenyooka," nikasema. "Wanaogopa kuonekana hawajui. Wakitaka kuongea kidogo wanavipanga vizuri, kama walivyovikuta. Wanadhani ndiyo adabu."

"Ndivyo kilivyo kitabu," alisema Kanali, amesimama wima. "Sikubuni. Ukurasa wa kumi na nne."

"Kitabu kiko sawa," alisema Bosi. Aliiweka sahani ya Bibi taratibu, kana kwamba inaweza kuvunjika kwa kutazamwa. "Wa kule wanalijua hilo tangu watoto. Hawa wetu wangelijulia wapi?" Akajifuta povu kwenye paji la uso, akaongeza lingine. "Unajua, na mimi yalinikuta. Siku ya kwanza kule, nimealikwa chakula. Nikaweka uma nijibu swali, wakachukua sahani. Nilirudi chumbani na njaa, nikisema hawa watu wamenichukia. Nikaja kujifunza, nikasahau kwamba nilijifunza."

Halafu akamgeukia Kanali.

"Kuanzia sasa hivi, sahani ya nyama isiondoke mpaka mgeni aulizwe."

"Aulizwe? Kwa maneno?"

"Kwa maneno. Na uanze na yule bibi, kabla hajaja huku mwenyewe."

Kanali alinyoosha tai yake. Kisha akamwendea Mama mdogo, akanyoosha mikono miwili kwa heshima.

"Mama, naomba nyingine ya moto. Kwa ajili ya mama yako."

Mama mdogo aliinuka. Gunia lilianguka sakafuni, hakuliokota. Alinyanyua ule mfuniko, mvuke ukamfunika uso, na sikuona kama analia au la. Alipakua, akatazama, akaongeza kipande.

Kanali mwenyewe ndiye aliyeibeba. Nilimfuata, nikakaa. Aliiweka mbele ya Bibi, akasema, "Mama, utakula mpaka utakapotosheka. Hakuna atakayeigusa mpaka useme."

Bibi alimtazama kutoka viatu mpaka tai.

"Sasa hapo umekuwa mwanangu," alisema. "Mwanzoni nilidhani ni afisa forodha."

Akala. Alikula kwa raha zake, anaweka uma, anarekebisha meno, anatoa hadithi, anashika tena uma. Mhudumu mrefu alisimama mbali, mikono nyuma, na kila uma ulipolala alisogea hatua moja, akakumbuka, akarudi. Nilisikia meza moja baada ya nyingine ile sauti mpya ukumbini: "Niondoe, au bado unaendelea?" Na wageni, mwanzoni kwa kushtuka, halafu kwa furaha kabisa: "Bado, bado! Acha hapo!" Yule mama mwenye mkufu aliviweka kisu na uma chini kwa mara ya kwanza, akanyoosha vidole kama mtu aliyetua mizigo.

Tulipomaliza kahawa nilirudi jikoni, nikataka aproni yangu. Bosi akakataa kunipa.

"Ngoja. Hizi naziosha mimi."

Tukasimama watatu mbele ya kidirisha, yeye, mimi na Mama mdogo. Ikaja sahani ya kwanza, imefutwa kwa mkate. Ikaja ya pili, mfupa tu, umeng'aa. Ya tatu ilikuwa na viazi vyote na nyama hakuna, huyo ni mtu asiyependa viazi, na ni haki yake. Ya nne ilirudi na nyama. Mama mdogo alishika ukingo wa sinki. Niliichukua, nikaitazama: vipande vilikuwa vimesukumwa pembeni, viwili vimefichwa chini ya jani.

"Huyu hajaipenda kweli," nikasema. "Kwa dhati kabisa."

Mama mdogo akaangua kicheko. Siku sita sijamsikia. "Na asiipende! Mmoja tu? Mmoja namruhusu!"

Sahani ya Bibi ilikuja mwisho, Kanali ameileta kwa mkono wake. Ilikuwa safi, isipokuwa katikati uma na kisu vimelala pamoja, vimenyooka.

"Nimemuuliza," alisema Kanali. "Amesema hapo sasa ndipo amemaliza."

Bosi alikausha mikono. Alisema Jumatatu Mama mdogo aje mapema kidogo, waandike ubao wa wiki pamoja. Kuhusu mpishi wa hotelini hakuna aliyemuuliza, akasema mwenyewe akiwa anafungua aproni: atampigia simu amwambie aje tu, aje na mkewe, wakae mezani wale.

Nilivaa aproni yangu, bado ina joto la tumbo la Bosi. Ilikuwa imelowa yote, hajui kuosha bila kujimwagia. Nilipofungua bomba, nikasikia mtu anakohoa kidirishani. Ni Kanali, ameinama, uso umejaa kwenye ule mraba mdogo, na mkononi ana sahani.

"Binti wa sinki," alisema kwa sauti ya chini, ili wahudumu wake wasisikie. "Hii ya meza ya nne. Karoti zimebaki zote mbili. Wewe unaionaje?"

Niliipokea, nikaigeuza kwenye mwanga.

Lile gunia la viazi bado lipo. Mama mdogo alilikunja mara mbili akaliweka kwenye mlango wa nyuma wa jikoni, na kila anayeingia anafutia miguu hapo.